Nyumba Juu ya Shamba la Wapwa

Nikipita Mnyambe nageuza uso nisiione ile nyumba. Ni nzuri, sikatai. Ina matofali ya saruji, bati jekundu, madirisha ya nondo, na ukutani maandishi makubwa kwamba imejengwa kwa fedha za umma kwa ajili ya mzee asiye na makazi. Mzee mwenyewe ni mama yangu mkubwa, na hivi ninavyoandika anaishi kwangu Masasi.

Alikuwa na nyumba ya udongo aliyoijenga na mumewe. Mume alifariki, na masika yaliyofuata yakaangusha ukuta wa nyuma, kisha paa. Hakujaliwa watoto. Akawa analala leo barazani kwa jirani huyu, kesho jikoni kwa yule. Nilimsihi aje kwangu akakataa katakata. Alisema Mnyambe ndiko kwenye watu wake wa kuzikana.

Halmashauri ilipotenga fungu la kuwajengea wazee kama yeye, niliomba ruhusa shuleni ninakofundisha, nikaenda kwenye mkutano wa kijiji. Pale akasimama mpwa wa marehemu, mtu mwenye sauti nzuri na mikorosho mingi. Akasema ukoo wao unatoa kiwanja bure, palepale alipokuwa akikaa mjomba wao. Watu wakapiga makofi.

Mimi sikupiga. Kwetu shamba la mwanamume akifa hurudi kwa wapwa zake, na mjane hukaa hapo kwa hisani yao. Kila aliyekuwa pale alilijua hilo tangu utotoni. Nikauliza, nyumba ikishajengwa, ardhi itakuwa ya nani?

"Mwalimu," akasema mtendaji wa kijiji, "tusikwamishe maendeleo kwa mambo ya ukoo."

Watu wakacheka. Kijiji kilikuwa na eneo lake karibu na zahanati, lakini lilihitaji kusafishwa na kupimwa, na nani alitaka kuhangaika wakati cha bure kipo? Kilichookolewa hapo kikaenda kwenye sherehe. Kulikuwa na turubai, viti vya kukodi, pilau, na mgeni rasmi wa kukata utepe. Mama mkubwa alivishwa kanga mpya, akapigwa picha ameshika ufunguo. Nililia kwa furaha, nikajiona nilikuwa na roho mbaya bure.

Msimu wa korosho ulipofika, mpwa aliomba kuweka magunia sebuleni, kwa muda tu. Kisha chumba cha pili. Kisha akaoa mke mwingine. Alimjia mama mkubwa kwa adabu zote, akachuchumaa, akaamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, taratibu zetu unazijua. Nyumba imekaa juu ya ardhi ya wajomba."

Akajibu kwamba anazijua, akafunga mzigo wake siku hiyohiyo. Niliposikia nilipandwa na hasira, na nusu ya hasira ilikuwa juu yake.

"Kwa nini hukusema siku ya mkutano, mama? Nilibaki nabishana peke yangu!"

"Wageni wa halmashauri walikuwa wengi. Ningewaaibisha watu."

Nikaenda ofisi ya halmashauri, Newala. Ofisa alinikaribisha vizuri, akafungua taarifa yake, akanionyesha picha ya mama mkubwa na ufunguo. "Huyu tumeshamhudumia," akasema. Nikamwambia hana pa kulala. Akaniambia kwa upole kwamba mtu hawezi kujengewa mara mbili wakati wengine hawajajengewa hata mara moja. Sikuweza hata kumchukia, maana alisema kweli. Fedha zilitumika, nyumba ipo, bati halivuji. Anayelala chini yake ni bibi harusi wa mtu mwenye nyumba nyingine mbili.

Basi mama mkubwa yuko kwangu. Mzigo wake hajaufungua wote. Juzi tulikuwa uani tunachambua mbaazi, nami nikawa nampoza: hapa ni kwako, mama, hakuna wa kukutoa. Akaitazama nyumba yetu kuanzia msingi hadi paa.

"Kiwanja hiki mlinunua?"

Nikamwambia hapana, mume wangu alipewa na mjomba wake.

Aliacha kuchambua. Akaniangalia kwa huruma ambayo sikuwahi kumwonyesha yeye, kisha akaniuliza kama huyo mjomba ana wapwa wengine.

Anao wanne.