Doto wa Lalago na Tiketi Zake Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwa watatu kwenye ofisi ya tiketi za ndege pale Bariadi. Meneja, Bwana Sospeter; Leticia, karani wa tiketi, mtoto wa dada yake Meneja; na mimi Nyamizi, jirani yao, niliyeletwa kufagia. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, watu binafsi wameruhusiwa kurusha ndege, na mawakala kama sisi tukauza tiketi za punguzo.

Shule niliishia darasa la nne, lakini kuongea na watu nilijua. Meneja akanitoa kwenye ufagio, nikawa nasindikiza abiria wageni wa ndege hadi Dar es Salaam.

“Shika hili,” aliniambia. “Tiketi ya bei kubwa ni moja mpaka mwisho wa safari. Ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni inakutafutia nyingine. Hizi zetu ni mbili, za kampuni zisizojuana. Ukiachwa, umeachwa. Waambie wakalale Dar kwanza.”

Niliwaambia wote hivyo. Malimi wa Lalago naye nilimwambia. Binti yake Doto alikuwa na ugonjwa wa moyo, na hospitali ya India ilikuwa imempangia siku ya kupasuliwa. Ng’ombe waliouzwa walitosha tiketi ya punguzo tu. Lakini kwao mgonjwa hasafiri mbali kabla bibi mzaa baba hajampulizia maji ya unga wa mtama, na bibi alikuwa kijijini Migato, mvua imekata barabara. Wakamngoja mpaka akafika. Siku ya kulala Dar ikaisha wakiwa bado Lalago.

“Mayu, mama yangu, ndege ya India si inaondoka jioni?” Malimi akaniuliza. “Sisi Mwanza tunatoka asubuhi. Tutawahi.”

“Tutawahi kama ya Mwanza itawahi, baba.”

Haikuwahi. Tulikaa uwanjani Mwanza, mafundi wanaifungua na kuifunga. Doto akanitania, “Shangazi, basi la Bariadi lingekuwa limeshafika Shinyanga, na mahindi ya kuchoma tumekula!” Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Dar tukakuta ya India imekwenda. Nikamwomba dada wa dirishani atutafutie nafasi.

“Mama, hiyo ndege yenu ya Mwanza sisi hatuijui. Tiketi hii imekufa.”

“Na mgonjwa je?”

Akamwangalia Doto, akanirudishia tiketi.

Malimi akarudi Lalago kuuza ng’ombe waliobaki, apate tiketi nyingine. Mimi nikabaki na Doto kwa ndugu yao, Temeke. Alinifia mikononi, baba yake bado yuko njiani.

Kazi niliifanya mpaka ofisi ilipofungwa, nikarudi kulima pamba. Siku hizi wajukuu wananunua tiketi kwenye simu, wanafurahia bei. Nawauliza, ni moja au ni mbili? Wanasema bibi ana maneno.

Watu wa Lalago mkisoma haya, nisahihisheni palipokosewa, jina au ukoo, nitashukuru. Na kama yupo aliyemwona Doto akipanda ile ndege ya India, basi mimi ndiye nimesahau, na aje aniambie.