Sketi ya Ngozi Ukutani

Mama yangu, Leonida, hajui kukaa mikono mitupu. Ukifika kwake Rhotia saa yoyote utamkuta ana kitu cha mtu mwingine mapajani: kibuyu kilichopasuka anakishona, mkufu uliokatika anaurudishia shanga, kigoda cha marehemu fulani anakipaka mafuta. Watu wanatoka hadi Mbulu kumletea. "Mama Margareth, hebu nitazamie na hiki." Margareth ni dada yangu, kifungua mimba. Mimi ni Isaya, wa pili, na kama mama angekuwa anaitwa kwa jina langu, haya ninayosimulia yasingefika yalikofika.

Nasema mapema ili msinihurumie: katika habari hii mbaya ni mimi. Nimejaribu kuisimulia kichwani nikijipunguzia kidogo hapa, kidogo pale. Haipunguki.

Vya watu alitengeneza vingi, lakini cha kwake mwenyewe cha kutunza kilikuwa kimoja tu, sketi ya ngozi ya bibi Angela, mama yake. Sketi ya Kiiraqw ya zamani, ngozi imelainishwa kwa samli, shanga kutoka kiunoni hadi pindoni. Kila mwaka kabla ya Pasaka mama aliitoa sandukuni, akaipaka mafuta huku akiongea nayo kwa sauti ya chini. Tulipokuwa wadogo tulimcheka. Alisema anampa mama yake habari za nyumbani. Mwaka mmoja ngozi ikachanika kiunoni. Shanga aliziweza, lakini mshono wa ngozi ulitaka sindano ya fundi viatu. Akaifunga kwenye kanga, akanipa nimpelekee Piusi pale Karatu mjini.

Piusi aliishona vizuri, sina la kumlaumu. Ila siku niliyoifuata ndiyo siku niliyokuwa na usaili kwenye loji moja ya barabara ya Ngorongoro. Wenzangu wote walikuwa na vyeti vya utalii na Kiingereza cha kutiririka. Mimi nilikuwa na sketi kwapani. Meneja, dada mmoja wa Moshi aitwaye Anneth, akauliza nimebeba nini, nikafungua kanga. Ukuta wake wa mapokezi ulikuwa mtupu na alikuwa anatafuta vitu vya kale vya wenyeji. Akauliza ni ya nani. Nikasema ya marehemu bibi. "Na nyumbani hawataidai? Mama yako je?" Nikasema mama naye alishafariki, hakuna aliyebaki wa kuitunza. Maneno yalitoka laini kabisa, hata jasho sikutoka. Jumatatu nikaanza kazi.

Mama nilimwambia kibanda cha Piusi kimeungua na kila kilichokuwemo. Akakaa chini palepale uani. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama Piusi mwenyewe ameumia. Wiki iliyofuata akanipa debe la maharage nimpelekee, pole ya kuunguliwa. Yale maharage tulikula mimi na mke wangu mwezi mzima, na kila nilipotafuna nilijiambia nitatafuta namna ya kuirudisha sketi. Sikutafuta. Kazi ilikuwa tamu.

Miaka minne ikakaa ukutani, karibu na meko ya kuni tunayowasha jioni kwa sababu ya baridi yetu. Ngozi ikakauka, shanga zikaanza kudondoka, mfagiaji akawa anazizoa pamoja na majivu. Juni iliyopita Anneth akaniambia kwa furaha kwamba wauza shanga wa sokoni wamemwelekeza kwa fundi kwelikweli wa vitu vya Kiiraqw, bibi mmoja wa Rhotia anaitwa Mama Margareth, na gari limeshakwenda kumchukua. Nilikuwa nimeshika sinia la juisi ya kukaribishia wageni. Nikasema, "Vizuri, madam."

Mama alijua nafanya kazi loji. Loji ziko nyingi, hakuwahi kuuliza ni ipi. Akashuka garini amevaa kitenge chake cha kanisani, akaniona, uso ukamchangamka, mkono ukaanza kuinuka. Anneth akamshika bega akamgeuzia ukutani. Sikuweza kumtazama usoni, nikatazama viatu vyake. Havikusogea kwa muda mrefu.

"Ndiyo hii, mama," Anneth alisema. "Aliileta kijana wetu huyu, Isaya. Ilikuwa ya bibi yake. Na mama yake naye, maskini, alishafariki."

Mama akanigeukia. "Pole, kijana," akasema.

"Asante, mama," nikajibu.

Ndivyo nilivyojibu. Hata mbwa wa nyumbani angemkimbilia. Neno moja tu lingemtoka, ningefukuzwa kabla ya chakula cha mchana, na haki yake ingekuwa hiyo. Hakulisema. Akaomba sketi ishushwe, akaomba kiti penye mwanga, akaanza kazi.

Siku tatu alishona pale verandani, jioni gari linamrudisha, asubuhi linamleta. Nilipita na masinia yangu mara sijui ngapi, na kila nilipopita nilikusudia kusimama. Siku ya pili wageni wakataka hadithi ya sketi. Hadithi ninayo, niliitunga mwenyewe: binti wa mtemi, simba, mahari ya ng'ombe mia. Nikaisimulia kwa Kiingereza hatua tano kutoka alipokaa. Nikamsikia akimuuliza Anneth huyu kijana anasema nini, na Anneth akamtafsiria yote, na simba wake. Mama akasema, "Kumbe," akavuta uzi.

Siku ya tatu alikuwa amefika pindoni. Anneth akaniita nije nisikie, maana fundi alikuwa anamweleza jambo zuri la kuwaambia wageni. Mama hakuinua kichwa. Alisema safu hii ya chini aliyeshona aliitengea watoto wake, ushanga mmoja kwa kila mtoto aliyemzaa. Mweupe kwa aliye hai. Mtoto akifa, mweupe unatolewa, unawekwa mweusi. Mama mwenyewe akifa, anayerithi sketi anaendelea kuwabadilishia ndugu zake.

"Zilikuwa saba," akasema. "Sita zipo, zote nyeusi. Wa mwisho umedondoka."

Anneth akanitazama kwa huruma. "Isaya, mama yako alikuwa mtoto wa ngapi?"

"Wa mwisho," nikasema.

Mama akafungua vikopo vyake viwili vya shanga, akaviweka mezani. Kisha akaniangalia, mara ya kwanza tangu ile siku aliyoshuka garini. "Basi, kijana. Huyu wa mwisho nimwekee mweupe au mweusi?"

"Mweusi, mama," Anneth akasema polepole. "Si nilikwambia."

"Namuuliza yeye. Mama ni wake."

Jamani, alinipa nafasi. Hakunitega, namjua, macho yake yalikuwa yananiomba. Ningesema mweupe, mama yangu ni huyu hapa, ningepoteza nini? Kazi. Watu wanapoteza kazi kila siku na kesho yake wanaamka. Nikafikiria sare yangu, ada ya watoto, Anneth akiniita mwongo mbele ya wapishi. Nikafikiria hata bakshishi za msimu uliokuwa unaanza, na hilo naona aibu kuliko yote kulitaja. Vikopo viko wazi mezani. Mama anangoja.

"Mweusi," nikasema.

Akachukua mweusi. Akaupitisha uzi mara mbili, akafunga fundo, akakata kwa meno. Anneth akamsifu sana, akamwambia chakula kipo tayari. Mama akashukuru, akasema ana ng'ombe wa kukamua, akaomba gari.

Jumapili nikapanda pikipiki hadi Rhotia nimejiandaa kupiga magoti. Mama alinipokea vizuri. Aliuliza habari za mke wangu, habari za watoto, akanipakulia ugali, vipande vya nyama akaniwekea mimi. Nilipoanza kusema, "Mama, ile sketi," akasema, "Kula, chakula kinapoa." Hajanigombeza mpaka leo. Margareth hajui lolote. Angejua, kijiji kizima kingesikia. Naenda kila Jumapili. Sketi imerudishwa ukutani, na hadithi ya simba nimeiacha. Wageni wakiniuliza ilikuwa ya nani, nasema sijui.

Ila mama hanitumi tena. Nilichelewa kugundua, kwa sababu hakuna alichofanya, ni vitu ambavyo hakufanya. Wiki iliyopita chumvi ilimwishia mboga ikiwa motoni. Nilikuwa nimekaa hapohapo jikoni, pikipiki yangu iko uani, na duka liko mbali, chini kabisa kwenye barabara.

"Nitume mimi, mama," nikasema.

"Wewe pumzika," akasema. Akavaa kandambili zake, akajifunga kanga, akateremka mwenyewe.