Maji Yaliyorudi Yalikotoka

Mwanangu, kabla hujafunga begi lako la miwani na mapezi uteremke Kilifi kujifunza kazi ya kuzamia, keti hapa kwanza. Iko siku moja ambayo siiiti, hunijia yenyewe, hasa mvua ikinyesha hapa Mukuyuni na mito ikaanza kunguruma.

Nilikuwa kijana wa mjengo kule Mtwapa, pamoja na Kimeu, mtoto wa shangazi yangu Ndinda. Kuogelea tulijua, usicheke. Mto wetu Thwake hupata maji majuma machache kwa mwaka, na majuma hayo sisi tulikuwa samaki. Kimeu angezama hapa akaibukia Kitui nywele zikiwa kavu. Ndivyo tulivyojiona. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, lakini kijana mwambie methali, atakuitikia huku anavua shati.

Karibu na mjengo palikuwa na mkono wa bahari ulioingia bara katikati ya mikoko, na chini kwenye mawe yake kulikuwa na chaza wanono. Jirani yetu Mzee Bakari, aliyezamia hapo tangu utotoni, alitukataza. Alisema ni siku za bamvua, maji hujaa mno na kupwa kwa nguvu. Kama ni lazima, tungoje yasimame, kwa sababu yakigeuka hayapigi hodi. Kimeu akamjibu, kwa heshima zote, kwamba aliyevuka Thwake ikiwa imefura hafundishwi maji.

"Mto wenu una njia moja, mjukuu wangu," mzee akasema. "Huu una mbili."

Alipokwenda msikitini, tukaingia. Yaani Kimeu akaingia, mimi nikabaki juu ya jiwe. Maji yalikuwa bado yakienda bara, polepole, kama ng'ombe walioshiba. Kimeu akajifunga gunia kiunoni, akaniambia akichoka maji yatamsukuma hadi kwenye mikoko, basi niangalie huko. Nikaangalia huko. Aliibuka, akapumua, akazama. Akaibuka tena. Kisha hakuibuka, nami nikazidi kukodolea macho mikoko, nikijua atatokea tu, kwa kuwa huko ndiko maji yalikokuwa yakienda.

Sauti ilitoka nyuma yangu, upande wa bahari. Nilipogeuka niliona mkono, tena mbali. Mzee Bakari na wenzake walimtafuta kwa mashua mpaka wakampata. Gunia lilikuwa bado kiunoni, limejaa.

Tulimleta nyumbani tukamzika. Baada ya watu kutawanyika, shangazi aliniita nyuma ya jiko.

"Wewe ndiye uliyeachwa umwangalie. Ulikuwa unaangalia wapi?"

Nikamwambia, kule maji yalikokuwa yakienda, kisha yakageuka.

"Yakaenda wapi?"

"Yakarudi yalikotoka, shangazi."

"Mutinda, mimi nimechota maji maisha yangu yote. Sijaona yakirudi. Niambie ukweli."

Sikuwa na mwingine. Kila nilipojitolea kumpeleka Mtwapa akajionee, alisema hawezi kwenda kusalimia maji yaliyomla mwanawe. Kanisani, wakati wa maombi, alisimama miaka nenda miaka rudi akiomba Mungu amfungue mdomo mtu fulani anayeficha jambo. Kila mtu alijua ni nani. Alikufa akiamini nilimdanganya.

Kwa hiyo sikukatazi, mwanangu. Kazi ni kazi. Lakini kuuliza si ujinga: ufikapo, mtafute mwenyeji wa maji hayo hata kama simu yako inaonyesha saa za kujaa na kupwa. Siku za bamvua kaa nje. Siku nyingine ngoja maji yasimame, na ujue kusimama kwake ni kufupi kuliko tangazo la kanisani, hivyo toka ungali unatamani kubaki. Usijifunge kitu usichoweza kukifungua kwa mkono mmoja. Yakikubeba, usishindane nayo, yakate kwa upande uende ukingoni. Na yule utakayemwacha ufukweni umpe kamba na boya, umwambie aangalie pande zote mbili, tena asikae.

Nenda. Mungu akutangulie majini na akupokee ukitoka. Urudi hapa na njaa yako na uongo wote wa wavuvi, nitauamini.