Maziwa ya Kwa Alida

Cécile alikuwa mwanamke mwenye wivu, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kuuficha, nasi hatuna sababu ya kumfichia. Alishona nguo nyumbani kwake Kibagabaga, mtaa wa Kigali, na cherehani aliiweka dirishani, mahali alipoweza kuuona mlango wa duka la maziwa la Alida ng'ambo ya barabara. Wateja walidhani anafuata mwanga. Mwanga ulikuwa upande wa pili wa nyumba.

Mumewe, Jean-Berchmans, dereva wa ofisi moja ya Kacyiru, siku haikumpita bila kuingia mle kunywa maziwa. Alida, mjane, alikulia Bujumbura kama yeye. Wakikutana walikiachia Kiswahili cha kwao, wakacheka habari za mitaa ambayo Cécile, mzaliwa wa Kigali, hakuijua hata kwa picha. Maziwa Cécile angeweza kuchemsha mwenyewe. Kicheko kile hakuwa nacho, na ndicho kilichomuunguza roho.

Jean-Berchmans alipoanza kulalamikia kiungulia, Cécile alikwenda famasi akamnunulia chupa ya vidonge vyeupe vya kutafuna, akamtilia mfukoni kwa mkono wake. Alitaka mume akiwa kwa yule mwanamke, awe na kitu cha mkewe mdomoni. Vikiisha, anamnunulia vingine.

Miezi ikapita, mume akabadilika. Kiu haikumwisha, haja ndogo haikumwacha, choo kikamgomea, chakula kikamshinda. Akaanza kusahau. Jumapili moja aliegesha gari nje ya kanisa, akarudi nyumbani kwa miguu na kuuliza nani kaliiba. Cécile alikuwa na jibu tayari: Alida amemtilia kitu kwenye glasi.

Hospitalini daktari aitwaye Peace alipima damu, akakuta kalsiamu imepanda mno na figo zimeanza kulemewa. Alimweleza Cécile taratibu kwamba kalsiamu haipandi bure. Kuna kinachoipandisha, nacho lazima kitafutwe. Walioshukiwa kwanza ni vitezi vidogo vya shingoni, ambavyo vikiharibika huipandisha. Kipimo kikaonyesha vimenyamaza kabisa, kwa hiyo kosa si lao. Ikafuata saratani, ikatafutwa kwa picha na kwa damu, haikuonekana. Mgonjwa akatundikiwa dripu, na hapo daktari akauliza anatumia nini kila siku. Jean-Berchmans, akili zimevurugika, akajibu kwamba hatumii kitu.

"Maziwa," Cécile akasema upesi, na furaha ikamjaa usoni. "Iko mwanamke anamujaza maziwa kila siku."

Daktari alisema maziwa peke yake ni vigumu kumfikisha mtu pale. Alitaka kujua ni kiasi gani, na anayachanganya na nini. Chanzo kisipojulikana, dripu itamshusha leo, kesho atapanda tena, na figo hazitasubiri. Aliyejua alikuwa mmoja tu. Cécile angependa kumeza sindano za cherehani kuliko kuingia mle dukani, lakini asubuhi ile mumewe alikuwa amemwita kwa jina la mama yake. Akavuka barabara.

Alida alifuta meza, akamtolea kiti. Cécile hakukaa. Aliuliza alichotumwa, akamtazama kandambili.

"Anakunywaga glasi kubwa asubuhi, na jioni anaongeza, anaongeza," Alida akasema. "Lakini mama, vile vidonge anatafunaga na maziwa, daktari anavijua? Anavitafuna kama karanga. Nilimuambia apunguze, akasema hapana, hivi ananinunuliaga bibi yangu wa ndoa."

Cécile akakaa.

"Alisema akicheka?"

"Alikuwa anajisifu."

Daktari aliposikia habari ya vidonge alipumua. Vidonge vile ni kalsiamu tupu, alisema, na maziwa nayo yamejaa kalsiamu; vikikutana kwa wingi ule, mwili hauna pa kuipeleka. Vyote viwili vikasimamishwa. Cécile aliumia, na kilichomuuma zaidi ni kugawana kosa na Alida nusu kwa nusu. Lingekuwa lake peke yake, angelibeba vizuri zaidi.

Kalsiamu ikashuka, akili zikarudi, Jean-Berchmans akashika tena usukani. Kwa kuwa mumewe alikatazwa maziwa, Cécile aliihamishia cherehani upande wenye mwanga, akashona kwa amani.

Jioni moja alitoka kununua uzi. Mumewe alikuwa kwa Alida, kwenye kiti chake kilekile, wanacheka. Mbele yake palikuwa na glasi ya maji.

Cécile alisimama mlangoni, wivu umezidi wa siku zote, maana sasa hapakuwa na maziwa ya kusingizia. Jean-Berchmans akamwona, akakatiza hadithi yake. Cécile akaingia, akavuta kiti, akakiweka katikati yao na kuketi. Akaagiza glasi kubwa ya maziwa. Kisha akamgeukia mumewe.

"Rudia ile ya kuchekesha," akamwambia. "Pole pole, na mimi nisikie."