Dawa Iliyoteremka na Maji

Alinanuswe alihamia Rujewa kutoka Tukuyu akiwa na watoto wawili na jembe moja, na kwa miaka kumi na mmoja mpunga ndio uliowalea. Majirani walimjua kwa mambo mawili: hakuchelewa kupandikiza, na hakuvumilia mdudu. Akiona kipepeo mmoja juu ya mpunga, kesho yake yuko shambani na bomba la dawa mgongoni.

Mwaka ule funza walitoboa mashina, masuke yakatoka meupe, matupu. Akapiga dawa, wakapungua. Wiki mbili hazijapita, wakarudi wengi kuliko mwanzo. Akapiga tena. Mara ya tatu alitafuta dawa kali zaidi, akazidisha kipimo, na kwa haraka aliyokuwa nayo hakuziba mlango wa maji. Maji ya jaruba lake la mpunga yakateremka mferejini.

Asubuhi alikuta vyura wameelea matumbo juu na yangeyange wawili, wale ndege weupe, wamekufa kando ya tuta. Mwanamke aliyekuwa akifua mferejini akamwambia kwa furaha, "Leo kambare wamejileta wenyewe! Wamelegea, unaokota tu. Mama Rukia kajaza ndoo mbili, kaenda nazo Igawa."

Rukia, mama huyo, alikuwa mkaanga samaki pale Igawa, kando ya barabara kuu, pale madereva wa malori wanaposhuka kula. Alinanuswe akamwonya yule mwanamke asiguse samaki wala maji yale, kisha akasimamisha bodaboda ya kwanza iliyopita. Njia nzima akilini aliona watu wakila.

Alimkuta Rukia ameinama anapuliza moto, moshi umemjaa machoni.

"Mama Rukia, umeuza?"

"Salamu kwanza, mwanangu."

"Shikamoo. Umeuza hata mmoja?"

"Marahaba. Nitauza nini na kuni mbichi hizi? Tangu nifike mafuta hayajachemka."

Alinanuswe akakaa chini palepale kwenye vumbi, akalia. Kisha akasema yote: dawa, kipimo, mlango wa maji. Rukia alimsikiliza na kisu mkononi. Alipomaliza, yule mama alikiweka kisu chini.

"Ungeona aibu ukanyamaza," alisema, "ningelisha watu sumu kwa mkono wangu. Inuka. Tafuta jembe."

Wakachimba shimo refu nyuma ya kibanda, mbwa wasije wakafukua, wakawazika kambare wote.

Bwana shamba, Danieli, alifika siku ya tatu. Alichana shina moja kwa ukucha, akamwonyesha funza akijikunja ndani, mzima wa afya.

"Huyu kajificha, dawa yako haimpati vizuri. Waliokufa ni buibui na kereng'ende waliokuwa wanakamata vipepeo kabla hawajataga. Chura akala wadudu wenye sumu, yangeyange akala chura. Ingefika hadi kwenye sahani ya mtu."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewafuga hawa funza?"

"Uliwaondolea adui zao, mama."

Kilichomtisha zaidi kilikuwa mkutano wa watumia maji. Alijua wanaweza kumfungia maji msimu mzima. Alisimama hata kabla ya kuitwa, akaeleza bila kujitetea. Watu wakatazamana. Kisha mzee mmoja akakohoa, akasema yeye pia huacha mlango wazi anapopiga dawa, na nyuma yake mwingine akakiri vilevile. Badala ya adhabu yakapatikana makubaliano: atakayelazimika kupiga dawa atawaambia wenye mashamba ya chini yake, na maji hayatafunguliwa mpaka siku alizoelekeza bwana shamba zipite. Alinanuswe alitoka pale akihisi kama ametuliwa gunia la mpunga kichwani.

Msimu uliofuata haukuwa rahisi. Alilima mpaka mabua yote, wanamojificha funza, yakafukiwa, akapandikiza siku ileile na majirani, kila asubuhi akapita majarubani akiokota majani yenye mayai ya vipepeo. Mkono ulimwasha kutaka kushika bomba. Katikati ya msimu aliona utando wa buibui umetanda kati ya mashina, una umande, umenasa vipepeo watatu. Akamwita Rukia aje aone.

Masuke meupe yalikuwepo, hapa na pale. Mengine yote yaliinama kwa uzito, na wavunaji walimaliza jaruba la mwisho wakiimba.