Kura Moja ya Safu ya Pili

Arvilla Sobotta hakujua kutulia. Ukimkuta ameketi, kisigino chake kinagonga sakafu. Akisimama, mkono wake unafuta meza ambayo tayari ni safi. Mwenyewe alisema ugonjwa huo aliupata kwenye kiwanda cha jibini, ambako kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kugeuza mabonge ya maziwa yaliyoganda kabla hayajashikana. Ukizubaa dakika tano, beseni zima limeharibika. Kiwanda kilipofungwa, watu wa mji wetu wa Ostby walimchagua kuwa karani wa mji kwa sababu moja tu: hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Akaishika miaka ishirini na sita.

Ofisi yake ilikuwa nusu ya banda. Katika nusu ya pili lilikaa gari la kuondolea theluji. Hapo Arvilla aliandika leseni za mbwa, alijibu simu za watu waliokasirishwa na mashimo barabarani, na kila uchaguzi alikunjua meza nne, akatundika mapazia ya vibanda, na kuchemsha kahawa ambayo hakuna aliyewahi kuisifu. Sisi hatuna mashine za kura. Mji wenye watu wachache kama wetu huhesabu kwa mkono, mbele ya yeyote anayetaka kuja kutazama, kisha karani husimama na kusoma matokeo kwa sauti, chama kwa chama, jina kwa jina, kabla hajayapeleka kaunti kwa simu. Wisconsin imejaa miji midogo inayofanya hivyo, na mimi naipenda kazi hiyo kuliko ibada.

Katika miaka hiyo yote, Arvilla hakumwambia mtu anampigia nani. Marehemu mumewe, Clem, alikuwa akilalamika baa kwamba amelala kitanda kimoja na mwanamke huyo miaka arobaini na bado hajui chama chake.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu cha Eau Claire mwaka uliotangulia, nina shahada ya siasa na hasira za kutosha kuchemshia birika. Arvilla alinichukua niwe msimamizi mwenzake wa kura kwa sababu nilikuwa na miguu mizuri na mwandiko unaosomeka. Niliamini kila kitu kiwekwe wazi. Nilimwambia demokrasia ni dirisha lisilo na pazia. Akaniuliza kama huwa navua suruali mbele ya dirisha la namna hiyo.

Mwaka ule, uchaguzi wa mchujo wa jimbo, ule wa kila chama kupata wagombea wake, ulifanyika Agosti kama kawaida. Karatasi yetu ya mchujo ni moja kwa wote, ila imegawanywa safu, kila chama safu yake. Mlangoni hakuna anayekuuliza wewe ni wa chama gani. Unakwenda nyuma ya pazia, unachagua safu moja, unabaki humo mpaka mwisho. Ukiruka kwenda safu nyingine, kura yako imekufa.

Mwenyekiti wetu wa mji, Roland Haupt, mwenye ng'ombe wa maziwa mia tatu, alikuwa anawania kiti cha bunge la jimbo kwenye safu ya Republican. Alikuwa na wapinzani wawili kutoka miji mingine, lakini ndani ya Ostby hakuwahofu. Kwenye mlo wa samaki wa Ijumaa, mji unapokula pamoja, alikuwa amesimama na glasi yake na kutangaza kwamba Ostby nzima, kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, itapiga kura kwenye safu yake. Watu walipiga makofi. Nusu yao wanakodi mashamba yake, na nusu iliyobaki amewahi kuwavuta kutoka mtaroni kwa trekta wakati wa theluji, usiku wa manane, bila kuomba chochote. Roland si mtu mbaya. Ni mtu aliyezoea kupendwa na kila mtu.

Upande wa pili, safu ya Democratic haikuwa na mgombea wa kiti hicho. Palikuwa na mstari mtupu tu. Na kanuni ndiyo hii: pale ambapo chama hakina jina lililochapishwa, jina lolote atakaloandika mpiga kura kwa mkono linahesabiwa, na linasomwa.

Saa mbili usiku tulifunga mlango wa kupigia kura, jua la kiangazi cha kaskazini bado likiwa limeegemea mahindi. Kura zilikuwa hamsini na tisa. Watu kama kumi na tano walibaki nyuma ya kamba kutazama, Roland akiwa mbele, mikono kifuani, mkewe Janelle kando yake. Mama yake Janelle, bibi Lorna Mikkola, alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na gari la theluji. Bibi Lorna ana miaka themanini na mmoja na anaishi kwenye nyumba ndogo aliyojengewa na Roland uani kwake, hatua thelathini kutoka jikoni kwa mkwewe. Anakula kwenye meza ya Roland kila siku.

Arvilla anafunua, mimi naandika vijiti. Republican, Republican, Republican. Kisigino chake kilikuwa kinagonga sakafu muda wote, kama saa. Kwenye karatasi ya arobaini na kitu, kikanyamaza.

Niliinama kutazama. Safu ya Democratic. Na kwenye ule mstari mtupu wa kiti cha bunge, kwa herufi zilizolalia kushoto, ndefu kama mapaa ya maghala, mtu alikuwa ameandika: Arvilla Sobotta.

Mwandiko ule niliujua. Nina kadi kumi na nane za siku ya kuzaliwa zenye mwandiko ule. Uko kwenye kila chupa ya matango ya siki inayouzwa kanisani, na uko kwenye rafu zote za ghala la chini la Roland Haupt: matango, biti, jamu ya zabibu, na mwaka. Ostby nzima ina mtu mmoja tu anayeandika hivyo, na alikuwa ameketi karibu na gari la theluji, mkoba magotini, anatazama viatu vyake.

Arvilla aliiweka karatasi chini ya zingine, uso ukiangalia meza, akaendelea. Kisigino hakikurudi.

Tulipomaliza alisimama kusoma. Republican hamsini na nane. Roland hamsini na moja, wapinzani wake saba kwa pamoja. Kisha Democratic, moja. Minong'ono ikapita. Angeweza kukohoa hapo, kuharakisha, kulimeza lile jina. Alilisoma kwa sauti ileile aliyoyasomea mengine yote.

"Bunge la jimbo, safu ya Democratic. Arvilla Sobotta, moja."

Kicheko kikapasuka. Mtu akasema miaka ishirini na sita tumesubiri kujua chama cha Arvilla, kumbe chama chake ni Arvilla. Mwingine akauliza kama ana hotuba. Hata mimi ningecheka kama nisingeuona ule mwandiko.

Roland hakucheka. "Yaani umejipigia mwenyewe," alisema. "Kwenye kiti changu."

"Nimesoma kilichoandikwa, Mwenyekiti."

"Basi ilete tuione. Kama si wewe, tutaujua mwandiko. Hapa tunajuana wote."

Ndicho kilichokuwa kibaya, kwamba tunajuana wote. Nilimwona bibi Lorna akinyanyua kichwa. Nilifungua mdomo. Sijui nilitaka kusema nini, pengine hotuba nzima, lakini Arvilla alikanyaga mguu wangu chini ya meza, kwa uzito wote wa mwanamke aliyesimama kiwandani miaka ishirini na miwili.

"Una haki ya kutazama tukihesabu," alimwambia Roland. "Umetazama." Akatia karatasi zote kwenye mfuko, akaufunga kwa lakiri, akaisoma namba ya lakiri kwa sauti, nikaiandika.

Kabla hatujafunga banda, kaunti walipiga simu: Roland amekuwa wa pili katika eneo zima. Ameshindwa kwa kura mia mbili na kumi. Hiyo kura moja isingemsaidia hata ingekuwa yake. Lakini mtu aliyeshindwa hahesabu hivyo.

Wote walipoondoka nilimlipukia Arvilla. Nilimwambia aseme tu kwamba si yake. Hana haja ya kumtaja mtu. Aseme si yangu, basi, aokoe jina lake.

"Halafu?" aliuliza. Alikuwa anakunja meza zile kwa vishindo. "Nikisema si mimi, kesho asubuhi Roland ataandika barua kaunti, aombe kuiona. Ni haki yake, mchujo ukishathibitishwa. Wataitoa. Ataweka kidole juu ya herufi ya kwanza tu, na jioni yule mama mzee hatajua pa kuweka uso wakati wa chakula. Lakini kama anaamini ni mimi, ataitafuta ya nini?"

"Watasema unajipenda. Watasema ulitumia meza ya kura kumpinga."

"Watasema."

"Na Aprili wanachagua karani."

"Najua Aprili kuna nini, we kijana. Mimi ndiye ninayelibandika tangazo."

Roland hakuandika barua. Alikuwa na jibu lake. Ila majira yale ya baridi, Ostby ilibadilika kwa namna ambayo huwezi kuikamata kwa mkono. Watu walileta fomu zao wakasimama mlangoni bila kuvua kofia. Kwenye mlo wa samaki mtu alimwita Mheshimiwa Mbunge, na meza nzima ikaangalia sahani. Arvilla alicheka pamoja nao, akala haraka, akatoka. Nilimkuta ofisini siku za Jumapili akipanga upya majalada ya miaka ya themanini. Aliifuta ile meza mpaka rangi ikatoka kwenye pembe. Mimi nilizunguka nikiwa na siri kama jiwe la moto mdomoni. Niligombana na binamu yangu, niligombana na kinyozi, na kila nilipogombana sikuweza kusema lile moja ambalo lingewanyamazisha. Nilikuwa nimeapa, kama wasimamizi wote wanavyoapa, na sikuwahi kujua kiapo ni kizito namna ile.

Mwezi wa tatu, theluji ikiwa chafu kando ya barabara, bibi Lorna alikuja ofisini. Mimi nilikuwa nikinakili orodha ya wapiga kura. Alisimama mbele ya meza, glovu bado mikononi.

"Arvilla, kuna kitu lazima nikwambie. Kuhusu Agosti."

"Hapana, mama."

"Hujui hata nataka kusema nini."

"Ndiyo, sijui. Na ukinyamaza nitaendelea kutojua." Alikuwa amekwisha kusimama, anazunguka meza, anamshika yule mzee kiwiko. "Kama ni leseni ya mbwa, kaa. Kama si leseni ya mbwa, Janelle atakuwa anakutafuta."

"Watakuondoa kwa ajili yangu."

"Wataniondoa kwa kura. Ndivyo watu wanavyoondolewa hapa. Lete mkono, ngazi ina barafu."

Alimpeleka mpaka garini. Aliporudi alikaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikaa kweli, viganja juu ya mapaja, kama dakika nzima. Kisha akaniuliza kwa ukali kwa nini nimesimamisha kazi.

Aprili alishindwa, kura thelathini na sita kwa ishirini na mbili, na mpwa wa Roland, msichana mpole asiye na kosa lolote. Arvilla alizihesabu mwenyewe pamoja nami, akazisoma kwa sauti, na alipofika kwenye jina lake sauti haikupanda wala kushuka. Kesho yake alimwonyesha yule msichana sehemu ambayo lakiri huwa inakwama.

Ningekuwa bado nimenyamaza mpaka leo. Lakini mwezi wa sita, Jumapili moja, kati ya kuku na keki, bibi Lorna aliweka uma chini mbele ya familia nzima akasema kura ile ilikuwa yake. Janelle ndiye aliyenisimulia, na kufikia Jumatatu alikuwa amemsimulia kila mtu. Roland aliinuka akaenda kwa ng'ombe wake. Alirudi giza likiingia, akasimama mlangoni na viatu vyenye matope, akamuuliza mama mkwe wake ni kosa gani alilomfanyia.

"Hakuna," alimjibu. "Ulisema mji mzima ni wako. Nikataka kujua kama mimi bado ni wangu."

Wiki tatu Roland hakumsemesha zaidi ya chumvi na mkate. Lakini sahani ya bibi haikuondolewa mezani, na wiki ya nne Roland alirekebisha ngazi ya ile nyumba ndogo bila kuombwa.

Mimi sikungoja wiki ya nne. Jumatatu ileile niliendesha gari mpaka kwa Arvilla, nikidhani nampelekea zawadi. Nilimkuta bustanini, magoti kwenye udongo, anang'oa magugu kama mtu anayeyadai. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Sasa kila mtu anajua. Roland ataona aibu. Tunaweza kuitisha mkutano wa mji, watu wakuombe radhi hadharani, ugombee tena.

Hakunyanyua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Ilikuwa yake," alisema. "Ana haki ya kuitoa." Akalitupa gugu nyuma ya bega, akashika lingine, akasita. "Yule mzee alilala wapi jana usiku?"

"Nyumbani kwake."

"Na leo amekula wapi?"

Nikamwambia Janelle amesema amekula palepale, kwenye kiti chake, ingawa Roland hakufungua mdomo.

"Kwenye meza ileile?"

"Meza ileile."

"Basi," alisema Arvilla, akasogea mbele kwa magoti kwenda kwenye tuta linalofuata.