Chungu Chenye Tundu

Katika jumba hili la vyungu vya Kijapani, kila chungu kina karatasi yenye jina la mfinyanzi na kijiji chake. Harufu ya udongo imenirudisha Lubumbashi, wakati Katanga ilipojitenga na Kongo, nasi watu wa Kasai tukifukuzwa mtaa kwa mtaa.

Mama, mtoto wa mfinyanzi, alinipeleka makumbusho ya mjini. Nyuma ya kioo palikuwa na chungu kilichotobolewa kitako. Kwetu chungu hutobolewa hivyo kinapowekwa juu ya kaburi la mwenye chungu, ili aliye hai asikichukue. Mama aliitazama mistari ya shingoni. Alikuwa ameichora yeye, kwa ukucha wake wa kisichana, kwenye chungu cha mama yake mfinyanzi.

"Mama, unayua hii chungu?" mlinzi alimuuliza, akitaka kujua ni kazi ya watu gani. "Bantu ba wapi banafanyaka hivi?"

Mama alinibana mkono mpaka ukauma.

"Siyue, baba. Siye tuko ba hapa hapa."

"Basi iliharibika tu," mlinzi alisema. "Bangeitupa."

Mama akacheka naye.

"Ndiyo, baba," alisema. "Baitupe."